Mchezo Uliopitishwa na Kamati

Mimi ndiye mtu wa kwanza kurudi Tetu, huku kwetu Nyeri, na diploma ya michezo ya jukwaani. Nalisema hilo bila kusitasita kwa sababu hakuna aliyewahi kujitokeza kunipinga, na pia kwa sababu, kwa kadiri nijuavyo, hakuna mwingine aliyejaribu. Wenzangu waliokwenda Uingereza katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru walirudi wakiwa mawakili, wauguzi na wahandisi wa barabara. Mimi nilirudi nikijua kuanguka bila kuumia, kulia bila kitunguu, na kunong'ona kwa namna ya kusikika hadi kiti cha mwisho. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kukanda unga miaka mitatu katika kiwanda cha mikate. Sikufanyiwa harambee, wala hakuna mkubwa aliyeniandikia barua.

Diploma hiyo niliitilia fremu ya kioo mjini Nyeri kabla sijafika nyumbani Giakanja, nikaingia nayo kwa baba nimeibana kwapani. Baba aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini yanayotaja mpiga chapa. Kisha akaniuliza inafanya kazi gani. Nikamweleza kwamba ninafundisha watu kuigiza maisha yao. Akasema maisha yao wanayajua.

Baba alikuwa mzee wa kamati katika chama cha wakulima wa kahawa, na alikuwa amekwisha kuniombea nafasi ya karani wa mizani kwenye fakitori, kiwanda cha chama cha kupimia na kuoshea kahawa. Kazi ingeanza msimu wa mavuno makubwa, mwisho wa mwaka. Hakunilazimisha. Alinipa sharti moja, kwa sauti ileile anayotumia kuzungumzia mvua: kabla ya mavuno kuanza, watu waione hiyo kazi yangu kwa macho, na yeye mwenyewe aione. Wakiiona, hatataja mizani tena. Wasipoiona, nitavua koti langu la Uingereza nikapime kahawa za jirani zetu, na diploma tutaitundika sebuleni, mahali ambapo haitamsumbua mtu.

Nilikubali mara moja. Nilikuwa na miezi mitano na elimu ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo kutoka Kangema hadi Nanyuki. Lakini sitadanganya: niliporudi chumbani niliketi kitandani na kuwaza juu ya mizani ile, na jinsi watu wangekuja na magunia yao mgongoni na kuniuliza kwa upole kama huko Ulaya nilisomea kilo.

Baraza la mji wa Nyeri lilinipa ukumbi wa mtaa wa Majengo kila Jumamosi alasiri. Niliandika matangazo kwa mkono na kuyabandika posta, sokoni, kwenye vibanda vya chai karibu na msikiti, na stendi ya mabasi ya Karatina. Yalisema: "Warsha ya michezo ya kuigiza. Wasanii na wananchi wote mnakaribishwa. Njooni tubadilishane ujuzi." Hilo neno la kubadilishana niliweka kwa adabu tu. Nilitarajia mimi nitoe na wao wapokee.

Wakaja watu kumi na saba. Nilikuwa nimepanga viti kwa duara na kuwaomba wavue viatu, jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelifanya. Badala yake mama mmoja muuza viazi kutoka Giakanja, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na mikono ya mtu aliyebeba magunia tangu utotoni, aliuliza ni nani atakayetufungulia kwa maombi. Akaombwa afungue yeye. Alipomaliza, fundi cherehani wa hapo Majengo, Mwislamu mpole mwenye tepu ya kupimia shingoni, akaomba dua yake nayo isikike, ikasikika. Baada ya hapo kila mtu alijitambulisha, anatoka wapi, ni mtoto wa nani na amejia nini. Kisha wakasema hatuwezi kuendelea bila viongozi.

Niliwaeleza kwamba katika warsha hakuna mkubwa wala mdogo. Walinisikiliza kwa heshima kubwa, halafu wakapiga kura. Mama wa viazi akawa mwenyekiti. Karani mstaafu wa korti, mzee mkavu aliyebeba kalamu mbili mfukoni iwapo moja itamwangusha, akawa mwandishi. Fundi akapewa mavazi na nidhamu. Mimi nilichaguliwa kuwa mshauri, na nikaambiwa mshauri hapigi kura. Siku hiyo nilifundisha kupumua kwa dakika sita.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia walale chini chali, walegeze mwili. Kina mama walitazamana. Mwenyekiti akanieleza kwa niaba yao kwamba mtu mzima akilala mchana mbele za watu ni mgonjwa, na wao hawakuja kuugua. Nikaruka zoezi hilo, nikawaomba kila mmoja awe mti. Chuoni kwetu watu walikuwa wakilia machozi katika zoezi la mti. Karani akainua mkono.

"Mwalimu, hii mti iko kwa shamba ya nani?"

Nikamwambia haijalishi, ni mti tu.

"Inajalisha sana," akasema mwenyekiti. "Kama ni mkaratusi na uko kwa mpaka, unakunywa maji ya jirani. Hapo siwezi kusimama nikifurahi."

Nusu saa nzima walisimama wakigombana kama miti juu ya mpaka, na nisingependa kukiri, lakini ulikuwa mgogoro mzuri kuliko wowote niliouona chuoni. Kwa sababu huo ndio ulikuwa utaalamu wangu: mchezo wa papo hapo, usioandikwa, maneno yanayotoka kwa mwigizaji yakiwa moto kama mkate. Niliwaambia hivyo. Niliwaambia leo umesema hili, kesho utasema lingine, na huo ndio uhai wa jukwaa.

Kumbe karani alikuwa akiandika. Jumamosi ya tatu, baada ya maombi, alisimama, akavaa miwani, akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita. "Kumbukumbu ya nne. Mwenyekiti, akiwa mkaratusi, alimwambia fundi, akiwa mgumo, kwamba baba yake alihamisha mpaka. Fundi alikana. Ilikubaliwa kwamba ugomvi ulitosha." Kisha akauliza kama kuna masahihisho. Yalikuwepo. Fundi alisema hakukana tu, alikana kwa kuapa. Mtu mwingine akasema yeye alipoitwa mwizi alijibu kwanza kwa kucheka, na kicheko chake hakikuandikwa. Masahihisho yakaingizwa, mmoja akapendekeza, mwingine akaunga mkono, kumbukumbu zikathibitishwa.

Nilidhani ni utaratibu tu wa watu waliozoea vyama vya kahawa na vya kuweka akiba. Nilikosea. Kwao neno lililothibitishwa lilikuwa limepitishwa. Nilipowaambia tucheze tena ugomvi wa mpaka, tofauti kidogo, kila mmoja alirudia maneno yake yaleyale, na aliyeteleza alikatizwa na wenzake. Mtu akitaka kubadilisha hata salamu, alipaswa kuleta hoja chini ya yatokanayo. Mimi niliyevuka bahari kwenda kusomea uhuru wa mwigizaji nilikuwa nimepata waigizaji wanaojiwekea sheria.

Baada ya majuma kadhaa sikuvumilia. Nilisimama na kuwahutubia, nadhani kwa ufasaha mkubwa, kwamba maandishi yanaua mchezo, na nikaomba kumbukumbu zikome. Kalamu ya karani ikasikika ikikwaruza. Jumamosi iliyofuata aliisoma, bila chuki yoyote: "Mshauri aliomba kumbukumbu zikomeshwe. Hakupata wa kumuunga mkono."

Lile neno langu la adabu kwenye tangazo nalo walilichukua kwa uzito. Kamati ilipanga zamu, kila Jumamosi mtu mmoja afundishe wengine anachokijua. Fundi alitufundisha jinsi bega la nguo linavyomfanya mtu aonekane tajiri au mwenye hatia. Karani alitufundisha shahidi mwongo anavyoketi, na tangu siku ile sijaweza kumwangalia mtu akishika goti lake bila kumshuku. Mwenyekiti alitupeleka nje, akasimama mlangoni mwa ukumbi, akamwita mwenzake aliyekuwa mbali kabisa, ng'ambo ya barabara karibu na soko, amletee gunia tupu. Hakupiga kelele. Gunia lilikuja. Mimi nilisoma sauti mwaka mzima na kufaulu vizuri sana, na siku ile niliita mara tatu, fundi akaniuliza kwa huruma kama nina mafua.

Katika mwezi wa nne mchezo wetu ulikuwa umepata umbo. Walikuwa wameubuni wenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, na ulihusu kijana aliyerudi kutoka ng'ambo. Kijana huyo anavaa koti jua likiwaka. Anamwonyesha mama yake namna ya kuchemsha maziwa. Anamweleza baba yake kwamba ng'ombe wake wanasimama vibaya. Niliuliza kama kijana huyo ni mtu halisi ambaye wao wanamjua. Karani alifungua daftari, akapitia kurasa taratibu, akasema jambo hilo halimo katika kumbukumbu.

Tukapanga siku ya maonyesho, Jumamosi moja alasiri, wiki moja kabla ya fakitori kufungua mizani. Nilimwambia baba. Akasema atakuja, na kwamba meneja wa fakitori anangoja jibu Jumatatu itakayofuata.

Jumatano ya wiki hiyo nilikwenda kuchukua kibali, maana siku hizo huwezi kukusanya watu ukumbini bila karatasi yenye muhuri. Nilikwenda na koti langu na fremu yangu. Ofisa alikuwa kijana mstaarabu, akanikaribisha kiti, akaniomba nakala tatu za maneno ya mchezo. Nilimweleza kuhusu mchezo wa papo hapo. Nilimweleza vizuri, kwa mifano. Alisikiliza hadi mwisho.

"Diploma nimeiona, na ni nzuri," akasema. "Sasa nionyeshe maneno. Sitii muhuri kitu ambacho hakijasemwa."

Nilipewa hadi Ijumaa saa sita. Nilitoka pale nikihisi uzito wa kioo cha ile fremu. Niliteremka hadi Majengo, kwenye baraza la duka la fundi, nikamkuta karani akishonewa kifungo. Niliwaeleza yaliyotokea. Wote wawili walijua habari za mizani, kwa kuwa Giakanja nzima ilijua. Nikasema, bila kumtazama karani, kwamba pengine lile daftari lingefaa.

Karani alisubiri uzi ukatwe. Akasema zile ni kumbukumbu za wanachama, na haziwezi kutoka nje bila azimio.

Nikamwambia ni daftari tu, mzee, tuna siku mbili.

"Hata korti ina haraka kila siku," akasema, "lakini faili haitembei yenyewe."

Basi mkutano wa dharura ukaitishwa palepale barazani. Cherehani ilisukumwa kando. Mwenyekiti aliitwa kutoka sokoni, akaja na udongo wa viazi bado mikononi, na wanachama wengine waliopatikana wakasimama barabarani. Tulifungua kwa maombi, mara mbili kama kawaida. Niliambiwa nilete ombi langu. Nikalileta. Karani akalamba kidole, akafunua kurasa nyuma, nyuma zaidi, na kwa sauti aliyotumia miaka mingi kuwasomea washtakiwa mashtaka yao akasoma ile hotuba yangu, kwamba maandishi yanaua mchezo. Alikuwa ameiandika yote. Sikujua kuwa nilikuwa nimesema mengi kiasi kile.

"Je, mshauri bado anashikilia maneno haya?"

"Nayaondoa," nikasema.

"Yote, ama nusu?"

"Yote, mzee."

Fundi akaniunga mkono, na namshukuru mpaka leo kwa jinsi alivyoinua mkono upesi. Nikadhani tumemaliza. Lakini mwenyekiti alikuwa bado na neno. Akasema anakubali daftari litoke, kwa sharti kwamba siku ya mchezo mimi nisisimame kando ya jukwaa.

"Wewe mwalimu uko na maneno mingi," akasema. "Ukikaa pale kando utatuambia geuka, inua mkono, sema pole pole, mpaka tusahau yetu. Utaketi chini na baba yako, kama watu."

Mimi nilikuwa nimekusudia kusimama kando. Nilikuwa hata nimemwambia baba mahali pa kunitazama, ili aone vizuri ni nani anayeongoza. Kuketi naye benchi moja huku mchezo ule ukichezwa, na koti lile, na maziwa yale, ilikuwa habari nyingine. Lakini mshauri hapigi kura. Likapita.

Alhamisi kutwa karani alipiga taipu kwa rafiki yake aliyekuwa na mashine karibu na korti, nakala tatu kwa karatasi za kaboni. Alikataa katakata kuondoa chochote kilichothibitishwa. Ijumaa ofisa alisoma mbele yangu. Ukurasa wa pili alicheka, wa tano akamwita mwenzake asome pia. Aliuliza swali moja tu: kwa nini mchezo una orodha ya waliotuma udhuru. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akapiga muhuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kuzunguka kuta. Baba alikuja na kofia yake ya kanisani, akaketi benchi la mbele, nami nikaketi kando yake mikono ikiwa kwenye magoti, kisha nikakumbuka somo la karani nikaiondoa.

Fundi ndiye aliyekuwa kijana wa ng'ambo. Aliingia akiwa amevaa koti alilolishona mwenyewe, na lilikuwa koti langu hadi kifungo cha mwisho. Baba alilitazama koti lile, akageuka taratibu akalitazama langu, akageukia tena jukwaa. Watu walikuwa wakicheka tayari.

Mwenyekiti alikuwa mama, ameketi kwenye kigoda mbele ya sufuria, anakoroga. Kijana akamwambia maziwa hayachemshwi hivyo. Akamwambia ameyaacha motoni mno, huko alikotoka mtoto mdogo anajua hilo. Watu walimjua yule mama. Nusu ya ukumbi ilikuwa imewahi kubishana naye juu ya debe la viazi, na wote walijipanga vitini kusubiri atakavyomjibu.

Katika nakala za ofisa, mahali hapo paliandikwa maneno mawili tu: mama hakujibu. Maneno hayo mawili yalitugharimu Jumamosi tatu. Kila mara alikuwa akijibu, na akijibu vizuri sana, kwa sababu mtu anayeuza sokoni asipojibu hurudi na magunia yake. Niliketi mbele yake Jumamosi hizo zote nikimwambia, jibu likikufika mdomoni, koroga mara moja, ulimeze, umtazame. Mara mbili alinitupia mwiko.

Sasa alikoroga mara moja. Akamtazama kijana. Nyuma yetu mama mzee alishindwa kujizuia akasema, mwambie, mwambie huyo. Hakumwambia. Ukumbi wenye watu wote wale ulinyamaza hadi nikasikia maji yakichuruzika mfereji wa nje, na yule kijana, asiye na la kumgombeza tena, akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akachuchumaa kando ya sufuria. Baba alikuwa amevua kofia na kuishika mapajani kwa mikono miwili.

Mchezo ulipokwisha na hotuba za shukrani kutolewa, zikiwa tano, tulitoka nje. Baba alimsalimia mwenyekiti, wakaulizana habari za mashamba. Alipokwenda zake, baba akabaki akimtazama.

"Huyu nimenunua viazi kwake tangu ukiwa darasa la kwanza," akasema. "Sijawahi kumwona akinyamaza. Ni nani aliyemfundisha?"

Nilimwambia ni mimi. Ilikuwa kweli, na nisingemwachia mtu mwingine sifa hiyo kwa lolote. Kisha nikaongeza kwamba yeye naye alinifundisha kuita, na kwamba bado sijaweza.

Baba akavaa kofia. "Jumatatu tutakwenda fakitori," akasema, na njia nzima hadi Giakanja hakutaja tena mchezo.

Jumatatu niliamka mapema, nikaliacha koti nyumbani, nikavaa shati la shambani. Nilikuwa nimejiandaa. Meneja alitutoa nje kwenye jukwaa la kupimia, mizani ikiwa imesafishwa na kutiwa mafuta, akaniuliza ninaanza lini. Baba akamwambia atafute karani mwingine, kijana wake ana kazi.

Meneja akauliza ni kazi gani. Baba aliangalia matangi ya kuoshea kahawa.

"Anafundisha watu kunyamaza," akasema.

Meneja alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema basi mimi ndiye mtu hasa anayemhitaji, nije mkutano mkuu wa wanachama, ule wa Jumamosi ya pili ijayo, maana mwaka uliopita walipigana.

"Jumamosi haiwezekani," akasema baba. "Jumamosi yuko kazini."